Jina Chini ya Rangi

Shomvi aliusukuma mlango wa gereji ambamo bendi ya muziki wa panki aliyoianzisha mwenyewe ilikuwa ikifanya mazoezi. Aliiacha zamani, kwa hasira. Sasa hakumjua hata mmoja ndani. Wenzake wote nao walikwisha kutoka, mmoja baada ya mwingine.

Drams kubwa ilikuwa ileile. Sheria aliitunga yeye: anayetoka, jina lake kwenye uso wa drams hiyo linapakwa rangi nyeusi, na anayeingia anaandika lake juu yake kwa rangi nyeupe. Rangi ilikuwa imekuwa nene kama gome la mti.

"Umekuja kujaribiwa kuimba?" aliuliza Tausi, mpiga gita, huku akikaza nyuzi. "Mwimbaji wetu katoka jana."

Shomvi alitaka kumwambia yeye ni nani. Akalitazama lile gome.

"Ndiyo," alisema.

"Kuna wimbo wetu unaoujua?"

"Ule wa kwanza kabisa."

"Ule siku hizi tunaukimbiza, mzee wangu. Utufuate tu."

Akampa maiki. Mpiga drams akakanyaga pedali, kipande cha rangi kikabanduka, na chini yake ikachomoza herufi S, nyeupe.

Shomvi akasogea, akaiziba kwa mgongo, akaanza kuimba.