Jibu la Tatu

Mfumaji alimbandikia mteja kwenye simu lile jibu lake la kila siku, kwa mara ya tatu: "Asante kwa kutuamini. Mzigo hufika ndani ya siku tano."

"Bado ni yule wa kofia ya zambarau?" mdogo wake aliuliza, akikata selotepu kwa meno.

"Yule yule. Anataka upesi."

"Wote wana haraka kama wanafukuzwa. Mwingine kaniambia harusi ni kesho, kumbe hata mchumba hana."

Mfumaji hakucheka. Jibu lilikuwa limekwisha kwenda, ndipo akausoma ujumbe wenyewe, uliotumwa tangu juzi.

"Dada, nimekuelewa. Lakini mama yuko hospitali, nywele zote zimetoka, analalamika baridi ya kichwa. Daktari anasema ni siku mbili tatu tu zimebaki. Nakuomba."

Chini yake lilikaa jibu la siku tano.

Kofia ilikuwa mezani, imefungwa tangu asubuhi. Kipande cha selotepu kilimnata kidoleni. Alikibandua, kikahamia kidole cha pili. Akakibandua tena, kikarudi cha kwanza. Hakusikia huzuni wala aibu. Alisikia ule unato tu.

"Dada, vipi?"

Aliitia kofia mkobani, akavaa viatu, kisha akaandika: "Nakuja nayo mwenyewe. Mama yuko wodi gani?"

Ujumbe ulisomwa papo hapo. Neno "anaandika" likatokea, likapotea. Likatokea tena, likapotea.