Jirani Hayumo Kwenye Fomu

Kawia ufike, walisema wahenga. Katika hoteli yetu ya Galu, ukikawia hujafika, umejifukuza.

Niliingia saa tatu badala ya saa moja. Msimamizi alinisukumia karatasi na kalamu.

"Dada, hii ni mara ya tatu. Andika barua ya kuomba msamaha, ama urudi nyumbani kabisa."

"Nilikuwa naosha maiti."

Alitazama mikono yangu. Vidole vyangu vilikuwa bado vinanuka kafuri, harufu isiyotoka kwa sabuni ya mara moja.

"Woi, pole. Ni mamako?"

"Ni Bi Khamisa, jirani yangu. Mwanamke huoshwa na wanawake, naye hakuwa na binti wala dada. Wa kumimina maji alipatikana. Wa kumwosha hakupatikana."

Alipekua fomu ya ruhusa ya msiba, akakuna kichwa.

"Jirani hayuko kwa fomu. Si uandike tu ni mama? Nani atajua?"

Miaka minne tulitenganishwa na ukuta mmoja wa udongo. Kila alfajiri alikohoa, nami nikajua kumekucha. Leo sikusikia kitu. Nilipokuwa nikimfunga kidevu kwa kitambaa, nilifikiria chumba changu, na asubuhi ambayo nitanyamaza mimi. Mimi pia sina binti.

"Hakuwa mama yangu," nilisema.

"Basi andika msamaha, yaishe."

Niliiacha karatasi palepale mezani, nyeupe.

"Radhi siombi."