Sangara wa Tungaraza

Tangu kiharusi kimlegeze mkono wa kushoto, Tungaraza hakutaka kusaidiwa hata kufunga vifungo vya shati. Asubuhi hiyo aliufunga mkono huo kwenye kasia kwa kitambaa, akaingia ziwani na kayaki yake. Mkewe, Nyamizi, alimfuata kwa kayaki nyingine.

"Usinikaribie," alimwambia. "Nitavua mwenyewe."

Jua lilipopanda, sangara mkubwa alinasa. Mshipi ulikaza, kayaki ikaanza kuburutwa kuelekea kilindini. Tungaraza aliuzungusha mshipi kwenye kiganja cha mkono mzima, akavuta mpaka vidole vikachubuka. Nyamizi aliliweka kasia mapajani, akatazama. Mwishowe uvumilivu ulimshinda.

"Ukate, Baba Shija."

Hakuukata. Alihema kwa muda, kisha akasema bila kugeuka, "Mama Shija, njoo tushike."

Nyamizi alipiga kasia mpaka kayaki zao zikagusana ubavuni, akaushika mshipi mbele ya mkono wa mumewe. Samaki hakuchoka. Aliwavuta wote wawili taratibu, bega kwa bega, kuelekea maji mapana, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuachia.