Kiazi Cheupe cha Msituni

Siku tuliyoambiwa saratani ya mdogo wangu Buakham imerudi, daktari alimuuliza tena kama kuna dawa nyingine anazotumia. Buakham akafungua mkoba, akatoa chupa ya vidonge.

"Hizi tu, daktari. Anazitengeneza dada. Ni za nyumbani, hazina neno."

Tangu akatwe titi mwaka uliopita, vidonge vya hospitali vilimwunguza kwa joto, jasho likimtiririka hata akiwa ameketi. Nilimhurumia. Nikachimba kile kiazi cheupe cha msituni tunachokiita "kwao", nikakianika, nikakisaga, nikakikanda kwa asali kuwa vidonge, kama mama alivyotufundisha. Joto likatulia. Buakham akaanza tena utani: "Dada, utanirudishia usichana, nikunyang'anye mume!"

Daktari alikibonyeza kidonge kimoja. Unga na asali vikamganda vidoleni, akashindwa kuvipangusa.

"Mama, kiazi hiki mwilini hufanya kazi kama homoni ya kike," aliniambia taratibu. "Na saratani yake hulishwa na homoni hiyohiyo. Ndiyo tunayoizuia kwa vidonge vya hospitali."

"Kwa hiyo ni mimi niliyeirudisha?"

"Hilo siwezi kulisema. Lakini asimeze tena." Akamgeukia Buakham. "Mbona kila nilipokuuliza ulisema hutumii kitu?"

Kila alipoulizwa, mimi ndiye niliyemfinya mkono akatae. Nilijua madaktari wataidharau dawa ya mama.

Nikafungua kinywa. Buakham akaniwahi.

"Nilisahau, daktari," akasema, bila kunitazama.