Bushi za Bi Mkubwa

Fundi alikwishaifunga pini ya kwanza ya plau, ile ya kuiunganisha na trekta, kwenye mashine ya kuchonga vyuma. Akashika swichi, akamgeukia bi mdogo.

"Nikishaipunguza hairudi, mama. Itaingia kwenye mikono ya hicho kitrekta chako kipya, lakini kwenye lile kubwa itachezacheza mpaka ichomoke."

Lile kubwa lilikuwa la mke mwenzake. Marehemu mume wao, kwa utani wake au kwa akili zake, alimwachia bi mkubwa trekta na bi mdogo plau. Tangu azikwe, kila msimu wa kulima bi mdogo ndiye aliyekwenda kubisha hodi. Bi mkubwa naye aliihitaji plau, ila ukubwa wake haukumruhusu kuanza. Wakalima pamoja hivyo hivyo, wamenuniana.

Sasa bi mdogo alikuwa na trekta lake. Hakuwa na shida tena na mlango wa mtu.

Alipitisha kidole juu ya pini. Ilikuwa imeng'aa kama pete, kwa miaka yote ya kusuguana na tundu la trekta lile.

"Punguza," alisema.

Fundi akaiwasha mashine.

"Na ukimaliza zote mbili, nichongee bushi, vibomba vya kuzivika pini, zirudie unene wake."

"Bushi za nini tena? Trekta lako halitazihitaji."

"Nampelekea dada, mwenye lile kubwa," alisema, akiutazama mkono wake uliochafuka grisi. "Akae nazo. Safari hii abishe hodi yeye."