Glavu za Bingwa

Siku Subilaga alipotwaa ubingwa wa michezo ya zamani ya video, mikono yake ikawa mali ya taifa. Ilifungiwa ndani ya glavu ngumu ambazo zilifunguliwa mashindanoni tu, isije ikaungua jikoni au kukatwa na kisu. Binti yake, Atupele, akalelewa na mikono ya shangazi yake.

Leo bingwa mwingine amepatikana, na glavu zimevuliwa kabisa. Kesho Atupele anaolewa.

"Mama, ulisema ukistaafu utanisuka," Atupele alisema, akaketi mkekani mbele yake. "Shangazi kanuna, lakini nimemwambia leo apumzike."

Subilaga alicheka. Alimwomba Mungu kimoyomoyo, kama alivyozoea kabla ya kila pambano, kisha akagawa nywele kwa kitana. Zilikuwa laini kuliko alivyodhani miaka yote. Vidole vikaanza: kushoto, kushoto, ruka, piga. Akavizuia. Vikarudia.

"Mama, mbona unanibonyeza tu?"

"Nisamehe, mwanangu. Ngoja nianze upya."

Akaanza upya, na vidole vikarudi kulekule.  Atupele aliinamisha kichwa, akamwacha mama yake acheze.