Wasukumaji wa Gari la Makame

Makame alipofunga boneti juu ya injini mpya, majirani walijipanga nyuma ya gari lake kuukuu, mikono kwenye buti, kama ilivyokuwa desturi.

"Tawanyikeni!" Makame aliwaamuru.

"Usituvunjie heshima, bwana," alisema Shekue, mkuu wa wasukumaji. "Mlima huu gari lako limeupanda kwa miguu yetu."

Ndani, Bi Mashavu, aliyekwisha kuapa hapandi tena gari la kusukumwa, alimtazama mumewe. "Wakilisogeza hata shubiri, nashuka."

Makame akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, kama khatibu kabla ya hotuba, kisha ikanguruma, na gari likaukwea mlima.

Honi ililia kileleni. Chini, wasukumaji walikuwa wangali wameinama, mikono mbele, wameshika hewa.